Chupa Tisa za Opolot

Opolot alirudi Soroti na sanduku la mbao,
chupa kumi na moja zimevishwa soksi zake za baridi.
Mbili zilipasukia Entebbe. Shati lake la harusini
hadi leo linanuka pishi la watawa.
Zikabaki tisa, nasi tulikuwa wanne:
yeye, mimi, Amuge mwenye baa,
na Etyang wa mizani, mpima mtama sokoni,
asiyeamini kitu kisichopimika.

Amuge akasema: "Rafu yangu ina nafasi ya tatu.
Friji ni ndogo, na umeme wenyewe mnaujua.
Onjeni. Ila msilewe kabla hamjachagua."

Ya kwanza ya Kicheki, rangi ya nyasi za Januari,
uchungu wake mfupi, kama mtu anayekuaga
akiwa tayari kashika baiskeli.
"Hii naijua," Etyang akasema,
"ni shangazi wa ile ya kreti."
Kweli. Lakini shangazi aliyesoma.

Ya pili ngano ya Bavaria, ukungu mtupu.
Nikanusa, nikanyamaza, nikanusa tena.
Ndizi! Ndizi mbivu na karafuu kwa mbali,
na Opolot akaapa kwa jina la nyanya yake
kwamba hakuna ndizi iliyotiwa humo,
ni hamira tu, ndiyo tabia yake.
"Basi hamira hiyo," akasema Amuge,
"imewahi kulala Masaka."

Ya tatu nyeusi kama sufuria ya shule,
Etyang akaomba kijiko.

Ya nne hawaitii hamira kabisa.
Usiku wa baridi, Ubelgiji, wanafungua madirisha ya dari
na kungoja kinachopita.
Miaka miwili, mitatu, kwenye pipa, kimya.
Ilikuwa chachu hadi masikio yangu yakasogea.
"Ajono ya siku ya nne," nikasema,
"ile mama humpa mgeni asiyempenda."
Opolot hakucheka. Alikuwa ameilipia mzigo.

Ya watawa ilikuja na utamu, ikaficha nguvu zake
kama padre anayejua ngumi.
Nusu glasi, na Etyang akaanza kusamehe wadeni,
mmoja mmoja, kwa majina.
Ya sita na ya saba sikuziandika.
Ya nane ilikuwa na chumvi. Nani hutia chumvi?

Kisha ya moshi.
Kimea chake hukaushwa juu ya moto wa kuni,
Opolot alikuwa anaeleza, mji gani, karne gani,
nami nilikuwa nimeshaondoka.
Nilikuwa Ngora, nyuma ya jiko,
mama anakaanga unga wa wimbi uliochacha shimoni,
jicho moja limefumbwa, bati linalia,
na mimi nafukuza kuku wasidonoe kimea juani.
Nikaweka glasi chini.
"Hujaipenda?" akauliza Opolot.

Amuge akachagua ya kwanza kwa sababu ya benki,
ya pili kwa sababu ya ndizi.
Etyang alipigania ile nyeusi: angalau ina uzito.
Wakabishana hadi umeme ukakatika,
na gizani Amuge akasema nafasi ya tatu ni yangu.
Sikuhitaji taa.

Jumapili nikaipeleka chupa moja Ngora.
Mama akaigeuza, akaitazamisha jua.
"Inanywewa na wangapi?"
"Mmoja."
"Maskini," akasema, kwa dhati,
akaenda kuleta chungu kidogo na mirija mitatu,
akamwita jirani yake Ikiring kutoka kwenye karanga.

Povu likapanda, likashuka.
Walivuta muda mrefu, mashavu yameingia ndani,
wazee wawili wakisoma barua ya mtu wa mbali.

"Moshi wameupata," mama akasema mwishowe,
akiufuta mrija kwa kanga.
"Maji ya moto ndiyo wamesahau."
Akainuka kwenda kuinjika birika.